Dawa za Kihindi za "kupevusha mayai": Ayurveda yenyewe inasema nini, na upime nini kabla hujameza

#1 Kungumanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki bila dada mmoja kuuliza humu juu ya dawa za Kihindi za kupevusha mayai, na majibu anayopata ni yale yale. Mmoja anamrushia namba ya muuzaji, mwingine anamwambia ana chango akatafute mizizi, wa tatu anamkejeli. Nimeona niandike kwa urefu, mwenye haraka aruke.

Mimi ni mfamasia. Nilisomea Pune, India, na hosteli yetu ilikuwa jirani na chuo cha Ayurveda, ile tiba ya asili ya Kihindi. Nilipata marafiki pale, nikawa naingia nao kliniki. Sasa niko duka la dawa hapa Dar na ninaona upande wa pili, yaani kile kinachomfikia mteja wetu kwa jina la Ayurveda. Kati ya nilichokiona kule na ninachokiona hapa kuna umbali mkubwa, na wanaoumia ni wanawake wenye shida ya kweli na pesa ya mawazo.

Kwanza tuipe Ayurveda haki yake. Ni elimu yenye vitabu, maarufu zaidi vikiwa Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vya Kisanskriti, vya zaidi ya miaka 1500. India ya leo daktari wa Ayurveda anasoma miaka 5 na nusu mpaka apate shahada ya BAMS, na tangu 2014 serikali yao ina wizara kamili ya tiba hizi, inaitwa AYUSH.

Kuhusu mimba, Sushruta anasema panahitajika vitu vinne, kama vile mche unavyohitaji ili uchipue: ritu (majira), kshetra (shamba), ambu (maji) na bija (mbegu). Walimu wa leo wanaeleza kwamba majira ni siku za rutuba, shamba ni kizazi na njia zake, maji ni lishe inayofika mwilini, na mbegu ni ya mke pamoja na ya mume. Mwanamke asiposhika mimba, tabibu anauliza ni kipi kati ya vinne kimepungua. Napenda sana mpangilio huu kwa sababu unamweka mume ndani ya hesabu tangu mwanzo. Huku kwetu mwanamke anaanza kunyweshwa dawa siku ile wakwe wanapoanza kunong'ona, na mume hata hajaulizwa swali.

Kwenye majira, Sushruta anataja usiku 12 wa ritu, na siku za kwanza za damu wapumzike. Sayansi ya sasa inasema dirisha la kushika mimba ni siku kama 6, ya mwisho ikiwa siku yai linapotoka. Kwa mwanamke wa mzunguko wa kawaida, hizo siku 6 zinaangukia ndani ya hesabu ya wazee, au zinaigusa. Ila vitabu vinaongeza kwamba usiku wa namba shufwa unaleta mtoto wa kiume na wa witiri wa kike. Hilo liacheni vitabuni.

Sasa yai lenyewe. Ayurveda inauona mwili kupitia nguvu tatu: vata ya mwendo, pitta ya joto na mmeng'enyo, kapha ya uzito na unyevu. Inayosukuma vitu kushuka chini, yaani choo, mkojo, hedhi na mtoto wakati wa kuzaliwa, ni tawi la vata linaloitwa apana. Hedhi isipokuja, au ikija kwa kuruka miezi, wanasema ama apana imepotea njia, ama kapha imeziba mikondo. Ile hali tunayoiita PCOS, ya ovari zenye vifuko vingi vidogo, uzito wa tumboni, chunusi na ndevu kidogo kidevuni, haimo kwa jina hilo kwenye vitabu vyao. Madaktari wao wa leo wengi wanaiweka upande wa kapha iliyoziba.

Nilikaa siku moja kliniki pale Pune. Aliingia dada mnene kiasi, mfanyakazi wa benki, hedhi yake inakuja kwa kubahatisha. Vaidya, ndivyo wanavyomwita tabibu, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu kusoma mapigo, akamwambia atoe ulimi. Halafu maswali: choo kinakwenda vipi? Unalala mchana? Mtindi unakula saa ngapi? Ukishaamka unakaa muda gani bila njaa? Kizazi alikigusa mwishoni kabisa, kwa sababu kwao moto wa tumbo, agni, ukiwa dhaifu basi chakula hakigeuki kuwa damu safi, na damu isipokuwa safi mbegu haiwezi kuiva. Kisha yule vaidya akafanya jambo ambalo wauzaji wetu wa mitishamba hawalifanyi: akamwandikia ultrasound na vipimo vya damu vya tezi ya thairoidi, akamwambia arudi na majibu ndipo waanze.

Aliporudi, karatasi yake ilikuwa na chakula kwanza. Shayiri mahali pa wali mweupe, supu ya kulith (dengu nyekundu-kahawia za kwao), sukari na vyakula vya maziwa vizito vipungue, asilale mchana, atembee asubuhi kabla jua halijapanda. Akaandikiwa udvartana, kusuguliwa mwili kwa unga mkavu wa mitishamba kuelekea juu. Dawa za kumeza zilikuja chini kabisa, vidonge vya kanchanara guggulu na dawa ya kuchemsha.

Itazame vizuri karatasi ile. Mwanamke wa PCOS mwenye uzito uliozidi, akipunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, ovari zinaweza kuanza tena kutoa yai zenyewe. Hilo liko kwenye miongozo ya hospitali pia. Sababu ni insulini: ikiwa juu, inaisukuma ovari itengeneze homoni za kiume nyingi kuliko inavyotakiwa, na vifuko vya mayai vinasimama njiani bila kukomaa. Punguza insulini, vifuko vinapata nafasi ya kukua. Kwa hiyo mtu aliyepona kwa Ayurveda si muongo. Ila mara nyingi kilichofanya kazi ni shayiri na mguu, na sifa ikaenda kwenye kopo la dawa.

Mitishamba nayo. Inayotajwa sana kwa wanawake ni shatavari, mzizi wa Asparagus racemosus, unaochemshwa na maziwa. Upo ashoka, gome la mti, kwa damu inayotoka kupita kiasi. Upo lodhra, nao gome la mti. Ipo ashwagandha kwa uchovu na msongo. Ipo phala ghrita, samli iliyopikwa taratibu na mitishamba mingi mpaka maji yote yaishe, anapewa mwanamke anayejiandaa kubeba mimba. Ushahidi wa shatavari juu ya yai, sehemu kubwa ni wa panya wa maabara. Tafiti za watu zipo, nyingi zimefanywa ndani ya vyuo vyao, wanawake wachache, mara nyingi bila kundi la kulinganisha. Sisemi hazifanyi kazi. Ninasema anayekuhakikishia ujauzito kwa shatavari anakuuzia uhakika ambao hata profesa wa Ayurveda hana.

Na hapa ndipo ninapotaka wote tusimame. DAMU KUTOKA SI USHAHIDI KWAMBA YAI LIMEPEVUKA. Kuna mizunguko mingi ambayo ukuta wa kizazi unajengeka, unachoka, unamomonyoka, damu inatoka, na yai halikutoka kabisa. Kuna dawa moja ya Ayurveda inaitwa rajahpravartini vati. Ndani yake kuna shubiri, mvuje, salfeti ya chuma na boraksi. Kazi yake, kama jina lake linavyosema, ni kuifanya hedhi ije. Mwanamke aliyekaa miezi bila siku zake akiinywa, damu ikatoka, muuzaji anampigia makofi: "Umeona? Mayai yameanza kupevuka." Yai halijapimwa na mtu yeyote. Na ikiwa huyo dada alikuwa na ujauzito mchanga asioujua, hiyo ni dawa asiyotakiwa hata kuigusa.

Ukitaka kujua kama yai limetoka, kuna kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, kinachukuliwa siku kama 7 kabla ya hedhi unayoitarajia. Ndiyo "siku ya 21" mnayoisikia, lakini siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Wa siku 35 anapima karibu na siku ya 28. Au ufuatiliwe kwa ultrasound kifuko kinavyokua hadi milimita 18 na kuendelea, kisha kipotee. Vile vijiti vya mkojo vya dukani vinaweza kukudanganya ukiwa na PCOS, kwa sababu homoni vinavyoisoma, LH, huwa juu hata siku ambazo hakuna yai.

Dawa yoyote, ya Kihindi, ya Kichina, ya bibi au ya hospitali, ipime kwa yai.

Mengine nitajibu humu humu kadiri mtakavyouliza. Namba za wauzaji sitoi, na inbox sipokei.

#2 Mama Shukuru

Da Kungumanga, Mungu akubariki. Ulichoandika cha damu ndicho kilichonipata. Nilinunua unga Kariakoo, kopo jeupe halina maandishi, limeandikwa tu kwa kalamu "uzazi mama". Nilikunywa na maziwa ya moto asubuhi na jioni. Hedhi ikaja ule mwezi wa kwanza, nyingi na mabonge. Nikafurahi nikaongeza makopo. Nilikuja kupimwa baadaye, daktari akaniambia prolaktini, homoni ya maziwa, iko juu sana, ndiyo inayozuia yai, na maziwa yalikuwa yanatoka kwenye matiti nikidhani ni ule unga unanisafisha. Sasa natumia kidonge cha hospitali. Swali langu, huo unga unaweza kuwa umeacha kitu mwilini?

#3 Kungumanga

Mama Shukuru, pole sana, na hongera kwa kufika kwenye kipimo. Habari ya prolaktini wengine waisome mara mbili: matiti yakitoa maziwa na hunyonyeshi, usinywe kitu chochote cha kusafisha, nenda ukapime damu. Tatizo hilo lina dawa yake kabisa, na likitulia yai hurudi.

Kuhusu kilichobaki mwilini, kopo lisilo na maandishi siwezi kulisemea, lakini nitakwambia kinachonitia hofu. Ndani ya Ayurveda kuna tawi linaitwa rasashastra, ambapo metali kama zebaki, risasi na bati huchomwa na kusagwa mara nyingi mpaka ziwe majivu, bhasma, kisha hutiwa kwenye dawa makusudi. Wenyewe wanaamini uchomaji unaondoa sumu. Maabara zinasema vingine. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilitoa uchunguzi wa dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwa intaneti: karibu moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki, zilizotengenezwa India na hata zilizotengenezwa Marekani. New York, 2011 hadi 2012, idara ya afya iliwakuta wajawazito 6 wenye risasi nyingi kwenye damu, wote walikuwa wanatumia dawa za Ayurveda kutoka India, wengine wakizitumia kwa ajili ya mimba yenyewe.

Ipo dawa inaitwa garbhapal ras. Jina linamaanisha mlinzi wa mimba. Kanuni yake ya vitabuni ina madini ya zebaki, majivu ya risasi na majivu ya bati. Mama anainywa ili mimba isitoke, na risasi inapita kondo la nyuma inaingia kwa mtoto. Inanisumbua sana hii, kwa sababu anayeinywa ni yule anayeogopa kumpoteza mtoto kuliko wote.

Kwa hiyo ukiona kwenye lebo maneno bhasma, ras, parada, hingula, sindur au naga, rudisha kopo. Na kopo lisilo na lebo ni baya kuliko hilo, kwa kuwa huna hata neno la kusoma. Wewe mwambie daktari wako ulichotumia, umuombe kipimo cha risasi kwenye damu kabla hujashika ujauzito. Risasi hujificha kwenye mifupa, na wakati wa ujauzito mfupa ukitoa kalsiamu kwa mtoto, risasi nayo inatoka. Kopo kama bado unalo usilitupe, sampuli inaweza kupimwa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

#4 Nyanda wa Igunga

Mkuu nakuheshimu, lakini mbona za hospitali husemi? Clomid yenu ya kupevusha mayai si kemikali? Wahindi wamezaa miaka elfu tatu wako bilioni na ushee, wangekuwa wanakunywa sumu wangeisha. Wafamasia mnalinda mkate wenu.

#5 Kungumanga

Mkuu Nyanda, Wahindi walio wengi hawanywi bhasma, kama ambavyo Wasukuma walio wengi hawaendi kwa mganga kila wakioa. Wanazaa kwa sababu miili yao ina afya, kama yetu.

Za hospitali nazisema bila woga. Clomid ni kemikali, ina madhara, ina kiwango cha kufanikiwa ambacho kimepimwa hadharani, na ndicho ninachotaka kwa kila dawa. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanawake 750 wenye PCOS, nusu wakapewa klomifeni (ndiyo hiyo Clomid), nusu letrozoli, nayo ya kupevusha yai. Waliozaa mtoto hai kwa letrozoli walikuwa asilimia 27.5, kwa klomifeni asilimia 19.1. Tazama namba hizo. Hata dawa bora, wengi hawakuzaa ndani ya mizunguko ile. Hakuna aliyeandika "ujauzito ndani ya siku 30 au pesa yako inarudi". Tangu hapo letrozoli ndiyo inayoanza kwenye miongozo ya kimataifa ya PCOS, kwa sababu ilishindanishwa ikashinda. Siku shatavari itakaposhindanishwa hivyo ikashinda, nitakuwa wa kwanza kufungua uzi.

#6 Nesi wa Zamu

Naomba niongezee hapo kwenye Clomid maana naona yanayoletwa wodini. Dada zangu, msinunue Clomid dirishani mkanywa kwa kuelekezwa na shoga. Tumepokea waliokunywa dozi mbili mbili ili "yai lipevuke haraka", tumbo limejaa maji, wanahema kwa shida. Na kuna anayeinywa pamoja na unga wa Kihindi, na uwatu, na sindano ya mtu wa mtaani, akipata shida hatujui tuanze na kipi. Ukija hospitali leta kila ulichokunywa, hata kama ni mzizi. Hatukugombezi.

Halafu ashwagandha. Siku hizi inauzwa kama chai. Si ya mwenye mimba wala ya anayehisi anayo. Denmark waliipiga marufuku 2023. Inaweza kugusa thairoidi, na ini limewahi kuumia kwa baadhi ya watu.

#7 Kungumanga

Asante sana Nesi. Na mimi niongeze yashtimadhu, ule mzizi mtamu unaowekwa kwenye dawa nyingi za wanawake: unapandisha presha na kushusha potasiamu ukitumika muda mrefu. Wenye presha wakae nao mbali. Anayetumia metformini, dawa ya sukari, asirundike juu yake vitu vya kushusha sukari bila kumwambia daktari.

#8 Binti Mikindani

Habari zenu. Mimi nina miaka 31. Nimepiga picha ya mirija kwa dawa ya rangi, HSG, mrija wa kulia umeziba, wa kushoto unapitisha kwa shida. Kuna watu mtandaoni wana kituo cha Ayurveda, wananiambia niende wanifanyie uttarabasti, mafuta ya dawa yanaingizwa kwenye kizazi yanazibua. Wanataka nitume nusu ya pesa kabla. Nifanyeje? Nimechoka jamani, mume ananitia moyo lakini nimechoka.

#9 Kungumanga

Dada Binti Mikindani, pole kwa uchovu. Sitakuharakisha.

Uttarabasti ni kitu cha kweli, wala hawajakibuni. Kule Gujarat, Jamnagar, ambako Ayurveda inafundishwa ngazi ya juu, imefanyiwa tafiti kwa mirija iliyoziba. Mgonjwa anaandaliwa siku kadhaa kwa samli na mvuke, kisha mara baada ya hedhi kuisha anaingizwa mrija mwembamba mlangoni mwa kizazi na mafuta yaliyochemshwa na dawa yanapitishwa kidogo kidogo, kwa siku mfululizo, kwenye chumba safi kama cha upasuaji mdogo. Tafiti zao ni ndogo, wengine waliona mirija kufunguka. Lakini hazikuwa na kundi la kulinganisha, na mrija kuonekana wazi kwenye picha haina maana kwamba vinyweleo vya ndani vinavyosukuma yai vimepona.

Kinachonitisha kwako ni kingine. Huku kwetu mirija huziba mara nyingi kwa sababu ya maambukizi ya zamani, klamidia, kisonono, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka. Kuingiza mafuta kwenye kizazi chenye maambukizi yaliyolala ni kuyaamsha. Mrija ulioharibika nusu nao una hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi. Kwa hiyo jibu langu ni usitume pesa. Peleka picha yako kwa daktari bingwa wa wanawake, ikiwezekana hospitali yenye huduma ya upandikizaji mimba, uulize mambo matatu: ule wa kulia umejaa maji? Wa kushoto unafaa kuangaliwa kwa kamera ya tumboni? Na akiba yangu ya mayai ikoje? Ukishakuwa na majibu hayo, pesa uliyotaka kutuma utajua inafanya kazi gani.

Na kingine, dada. Kwako yai huenda linapevuka vizuri kabisa. Mbegu huenda iko sawa, kilichoharibika ni njia za shamba. Dawa ya kupevusha haizibui mrija.

#10 Fundi Saa

Wakuu mimi ni mwanaume, nasoma kimya kimya tangu juzi. Mke wangu amekunywa kila kitu. Mimi nina mtoto niliyempata kabla ya ndoa, kwa hiyo nilijua tatizo si langu. Nipime kweli?

#11 Nesi wa Zamu

Kaka pima. Mtoto wa zamani ni ushahidi wa zamani. Presha, sukari, joto la kazi, sigara, matumbwitumbwi ya ukubwani, mishipa kuvimba kwenye korodani, vyote vinaweza kuja baada ya huyo mtoto. Kipimo cha shahawa ni cha bei ndogo kuliko makopo aliyokunywa mkeo. Kaa siku 2 hadi 7 bila tendo, uende asubuhi.

#12 Kungumanga

Fundi Saa, umeuliza kiume. Katika wanandoa wanaohangaika, upande wa mume unachangia karibu nusu ya kesi, peke yake au pamoja na wa mke. Rudi kwenye vile vitu vinne vya Sushruta. Mbegu ni ya wawili. Mpeleke mkeo na wewe mwenyewe siku moja, dirisha moja.

#13 Mwana wa Pwani

Shekhe Kungumanga (samahani, bibie Kungumanga), huo mzizi wa shatavari nasikia unaota hata huku kwetu Afrika Mashariki. Babu yangu alikuwa na duka la viungo pale Mji Mkongwe, Wahindi walikuwa wanakuja na majina hayo hayo. Mtu akichimba wa huku ni sawa na wa kule?

#14 Kungumanga

Ni kweli, Asparagus racemosus unaota Afrika Mashariki pia, na ashwagandha nayo. Bahari ya Hindi imebeba viungo na matabibu pande zote mbili karne kwa karne, huo ndio undugu wetu na elimu hii. Lakini usichimbe. Jamii ya Asparagus ina aina nyingi zinazofanana kwa macho, mzizi uliochimbwa kando ya barabara au shamba lililopigwa dawa unafyonza vya udongo ule, na kwa Ayurveda yenyewe mzizi unavunwa kwa msimu wake, unavuliwa ganda na kutolewa uzi wa katikati kabla ya kukaushwa. Anayetaka kutumia anunue uliosajiliwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, wenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Aliyewahi kuwa na saratani ya titi au uvimbe unaokua kwa estrojeni amuulize daktari wake kwanza.

Kama roho yako inakwenda kwenye Ayurveda, kuna mengi ya kuchukua yasiyo na hatari. Kula kwa saa maalumu. Chakula cha usiku kiwe chepesi na cha mapema. Nafaka zisizokobolewa, kwetu tunao mtama, ulezi na uwele, havina haja ya kusafirishwa kutoka Pune. Choo kilainike. Usingizi wa usiku utoshe. Kukandwa mwili kwa mafuta ya ufuta ya uvuguvugu kwa mwenye msongo ni raha iliyo halali, na msongo mkali au kujinyima chakula kupita kiasi vyenyewe vinaweza kulizima yai. Wembamba mnaofanya mazoezi kupita kiasi, ninyi karatasi ya yule dada wa benki haiwahusu. Mnahitaji kula.

#15 Mama wa Upanga

Nina miaka 37, mwaka wa pili wa ndoa. Hedhi yangu inakuja kila siku ya 28 hadi 30 bila kukosa. Kuna tabibu nimemkuta mtandaoni anasema nitumie panchakarma, yaani kusafishwa mwili kwa Kiayurveda, na dawa kwa mwaka mzima ndipo tuangalie. Nina imani naye, anaongea vizuri. Nisubiri?

#16 Kungumanga

Mama wa Upanga, usisubiri mwaka. Chini ya miaka 35 tunasema jaribu miezi 12 ndipo uende. Kuanzia 35 ni miezi 6, na wewe umeshapita. Mayai hayangoji tiba imalize mzunguko wake, si ya vaidya wala ya profesa.

Hedhi yako inakwenda kwa mpangilio, kwa hiyo uwezekano mkubwa yai linatoka, na dawa ya kupevusha haina kazi kubwa kwako. Wiki hii mume apime shahawa. Siku ya 2 au ya 3 ya hedhi ijayo pima FSH na estradioli (homoni zinazohusika na yai), pamoja na AMH (akiba ya mayai) kama mfuko unaruhusu, TSH (ya thairoidi) na prolaktini. Baada ya damu kukata na kabla ya siku ya 12, HSG. Siku 7 kabla ya hedhi inayofuata, projesteroni. Ndani ya mzunguko mmoja utakuwa umeshajua mengi. Kama unataka kukandwa mafuta na kubadili chakula huku ukipima, fanya, havigombani. Panchakarma ya kutapisha na kuharisha usiifanye katika mwezi ambao unajaribu kushika mimba, na ile uttarabasti ya mafuta wala isikaribie kizazi mpaka ujue mirija ikoje.

Na huyo tabibu muulize swali moja kabla hujamlipa: "Utajuaje kwamba dawa yako imefanya kazi kwangu, kabla sijashika mimba?" Akikutajia kipimo, endelea kuongea naye. Akikwambia utaona damu safi, unajua cha kufanya.

Majibu yakitoka yalete hapa, ukate jina na namba ya faili kwenye karatasi. Nesi na mimi tutayasoma pamoja na wewe.